Shatafa ya Nyumbani kwa Kuria

Watu wa Kinoo wana mengi ya kujivunia. Wapo wanaojivunia mashamba ambayo babu zao walikataa kuyauza, wapo wanaojivunia watoto walioko Kanada, na yupo Kuria, ambaye alijivunia msukumo wa maji. Majirani zake walipata maji ya mfereji siku mbili kwa wiki, nayo yalikuja kwa haya, tone moja moja, kama mtu anayeingia kanisani katikati ya mahubiri. Kwa Kuria kulikuwa na kisima kirefu, tangi juu ya mnara wa chuma, na pampu iliyoendesha biashara yake ya kuosha magari kando ya Waiyaki Way, hatua chache chini ya nyumba. Mgeni akifungua bomba la jikoni bila kuonywa, sufuria ilikimbia. Kuria alimletea taulo na kumtazama kwa upole, kama mtu aliyetoka kumpa zawadi.

Kwa hiyo jioni ile bintiye Anita alipotangaza mezani kwamba ujio wa rafiki yake Rumaisa ulikuwa unategemea choo, Kuria aliweka kijiko chini.

"Choo chetu kina nini?"

"Hakina maji, Dad."

Haron, kaka mkubwa wa Anita, alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu, na alikuwa na maoni juu ya kila jambo duniani isipokuwa kuosha vyombo. Alicheka mpaka akapaliwa na githeri.

"Kina maji ya kuflashi," Anita akaharakisha kueleza, maana sura ya baba yake ilikuwa imebadilika. "Lakini hakina maji ya kujiosha. Kwao hawajipangusi na karatasi. Wanaosha."

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo, ingawa lilihusu mchezo. Anita na Rumaisa walikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Limuru, mmoja analala kitanda cha juu, mwingine cha chini. Kati ya vitanda hivyo viwili walikuwa wametunga mchezo wa kuigiza wa wasichana wawili waliokwama ndani ya lifti, mmoja wao akiwa na hakika kwamba ameshakufa. Mchezo ulikuwa umeteuliwa kwenda mashindano ya mkoa. Mwalimu wao alikuwa amepata ukumbi wa mazoezi karibu na Adams Arcade kwa wiki moja ya likizo, na wiki hiyohiyo jamaa wote wa Rumaisa, wanaokaa ghorofani juu ya duka la mjomba wake kule River Road, walikuwa wanafunga mlango na kwenda Mombasa harusini. Ama Rumaisa akae Kinoo wiki nzima, ama aende Mombasa. Na mchezo wa watu wawili, mmoja akienda Mombasa, anayebaki anaongea peke yake mbele ya watu, jambo ambalo Kinoo ukilifanya unaombewa.

Mwenye neno la mwisho alikuwa bibi yake Rumaisa, Bi Zainab. Aliposikia habari za Kinoo hakuuliza kanisa wala kabila wala kazi ya baba mtu. Aliuliza, "Huko chooni kwao wanatumia nini?" Rumaisa, ambaye hajui kudanganya hata kwa faida yake mwenyewe, akasema karatasi. Bi Zainab akasema Jumamosi angekuja kuiona nyumba kwa macho yake, ndipo angeamua.

"Karatasi ina makosa gani?" Kuria akauliza.

"Rumaisa anasema bibi yake huuliza: mkono wako ukiingia kwenye mavi ya kuku, unapangusa na gazeti ukaenda kula, ama unaosha?"

Kuria aliutazama mkono wake. Kisha akaitazama githeri.

"Yaani," akasema polepole, "kuna mama mahali fulani mjini anafikiri kwa Kuria hakuna maji."

Debra, mkewe, alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na alikuwa ameshaona jambo hili linaelekea wapi. "Baba Haron," akasema, "ni kamfereji kadogo tu ka chooni. Usianze."

Lakini Kuria alikuwa ameshaanza.

Kesho yake akamchukua Anita wakaenda River Road, kwenye duka la Naeem, mjomba wa Rumaisa. Lilikuwa duka jembamba kama treni, mabomba yakining'inia darini na masinki yamepangwa ukutani. Naeem akawatolea kifaa ambacho Anita alikuwa amekisikia tu: mpira mwembamba uliovishwa chuma, mwisho wake kichwa kidogo chenye matundu, na kitufe cha kubonyezwa kwa kidole gumba.

"Hii ndiyo shatafa," Naeem akasema. "Watu wa kwetu wakihama nyumba, hii inafungwa kabla ya pazia."

Kuria aliipima uzito kwa mkono. "Una iliyo na nguvu zaidi?"

"Nguvu si ya shatafa, mzee. Ni ya bomba lako. Na hii si ya kuoshea lori."

"Nimeuliza tu."

"Uweke koki ndogo hapa ukutani," Naeem akaendelea, "na kila mtu akimaliza aifunge. Mpira ukiachwa umejaa maji usiku kucha, siku moja utapasuka, mtaamka mnaogelea." Kisha akamwonyesha Anita kidude kidogo kando ya kitufe. "Hiki kinashika kitufe kikae chini chenyewe, mkono usichoke. Ni cha wakati wa kuosha sakafu. Kwa kingine usikiguse."

Anita alikitazama kile kidude jinsi watu wengine wanavyotazama machweo. Mtu aliyekulia bwenini, ambako chumvi huhamia kwenye sukari na viatu vya kulia hulala mbali na vya kushoto, hawezi kuonyeshwa kitu kinachobonyezeka chenyewe halafu akabaki mtu yuleyule.

Fundi Njuguna, ambaye ndiye aliyeangalia pampu ya Kuria, alitaka kuiunga shatafa kwenye bomba la tangi. Kuria akakataa. Iungwe kwenye bomba la pampu, mgeni asije akasema maji ya Kuria ni ya kubembelezwa. Ilipokuwa tayari, Kuria, Haron, Anita na Njuguna walijibana wote chooni kama kamati ya bunge iliyokuja kukagua barabara. Njuguna akabonyeza. Maji yalivuka chumba, yakapiga kalenda ya kanisa, yakaangusha chupa ya dawa ya kusafishia, yakapanda mpaka dari na kurudi. Haron alikuwa wa kwanza kutoka nje.

"Hayo ndiyo maji," Kuria akasema, ndevu zikichuruzika.

Debra alifika mlangoni na kusimama. "Mume wangu, huyu mama unataka kumsafisha ama kumlaza wodini?"

"Ni heshima, Debra. Kila nyumba ina maji ya kulialia. Hii yetu—"

"Hii yenu itachana mtu." Akamgeukia Njuguna. "Unga kwenye tangi. Na hilo la pampu, tia koki huko nje, uifunge."

Kwa hiyo nyuma ya nyumba, chini ya kidirisha cha choo, pakawekwa koki yenye mpini mwekundu. Ikiwa imefungwa, shatafa ilipata maji ya tangi, mapole na ya kutosha. Ikifunguliwa, na pampu ikiwa inanguruma kule kwenye magari, ilipata heshima yote ya Kuria. Debra aliufunga ule mpini kwa kitambaa, na kwa siku mbili Kuria alipita hapo akiutazama kama mtu anayepita kaburi.

Usiku ule wa kwanza Debra akatoa mafunzo mezani, mbele ya mukimo, bila kupunguza sauti.

"Maji haya ni ya nje ya mwili. Nje tu. Ndani mwili unajisafisha wenyewe. Anayejipiga maji ndani anafukuza walinzi na kuwafungulia wezi mlango, halafu anakuja kwangu kliniki analia."

"Debra, tunakula," Kuria akasema.

"Kuleni. Anita, wewe ni mbele kwenda nyuma, kila siku, hata uwe na haraka gani. Kile kichwa kisiguse mwili wa mtu, kikae mbali kama upana wa kiganja. Kikianguka chini hakitumiwi mpaka kioshwe kwa sabuni. Na kila mtu awe na kitaulo chake cha kujikausha. Sitaki kusikia habari za taulo ya familia."

"Mum, hii ni silabasi?" Haron akauliza bila kuinua macho kwenye simu.

"Ni silabasi, na mtihani ni kila asubuhi. Jambo la mwisho: kabla hujajielekezea, jaribu kwanza. Nyunyizia ndani ya choo, uone nguvu yake. Haron, nimesema nini?"

"Kiganja."

"Nimesema ujaribu kwanza."

"Mimi nitabaki na karatasi, Mum. Kama mababu zangu."

"Mababu zako walitumia majani," Kuria akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ila Ijumaa mchana, Anita akipita karibu na mlango wa choo, alisikia ndani mlio mdogo wa maji, tsss, kisha kimya, kisha sauti ya Haron ikisema kwa mshangao mkubwa, "Oya." Mlio ukarudi, ukakaa muda mrefu zaidi. Haron akatoka uso umekauka kama shemasi, akasema alikuwa anasoma habari.

Anita alikwenda zake chumbani akakaa kitandani, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Adui aliyeingia imani mpya kwa siri ni zawadi ambayo Mungu haitoi kila likizo.

Mpango haukuhitaji akili nyingi. Kila asubuhi saa nne, chai ikishashuka, Haron aliingia chooni na simu yake. Wageni walikuwa wanatarajiwa saa saba mchana. Saa nne kasorobo siku ya Jumamosi, Anita akazunguka nyuma ya nyumba, akafungua kitambaa cha mama yake na kuuzungusha mpini mwekundu mpaka mwisho. Haron angelowa, angepiga kelele, na ifikapo saa tano koki ingekuwa imefungwa na kitambaa kimerudi mahali pake. Akajipangusa mikono, akarudi sebuleni kungoja, uso wake umetulia kama wa mtu anayeongoza ibada ya mazishi.

Haron alikuwa bado kwenye kikombe cha pili mlango wa mbele ulipogongwa.

Bi Zainab hakuamini saa za kualikwa. Alikuwa mama mfupi aliyevaa buibui jeusi lililopigwa pasi, mkoba mkubwa begani na mahamri ndani ya bakuli lenye kifuniko. Nyuma yake Rumaisa alikuwa anamfanyia Anita ishara za macho zenye maana kwamba yeye hakuhusika. Naeem, aliyewaleta, alibaki nje kwenye pikapu.

"Hamjambo, watu wa Kinoo."

Kuria alitokea mlango wa jikoni, bado amevaa gambuti za kuoshea magari. "Karibu, Mama, karibu sana. Ni vile tu tulikuwa tunawangoja saa saba."

"Saa saba nyumba huwa imeshafundishwa la kusema," Bi Zainab akajibu. Akawapa mkono wote, hata Haron, akamkabidhi Debra mahamri, kisha akamgeukia Anita. "Wewe ndiwe Anita wa lifti. Haya, mwanangu, choo ki wapi?"

Anita akamtangulia mbele. "Bibi, ngoja kidogo nikapanguse kwanza."

"Nimekuja kukiona kabla hakijapanguswa," Bi Zainab akasema. Akafuata alikoelekeza kidole cha Kuria, kilichonyooshwa kwa fahari, na komeo likalia.

Anita aligeuka kukimbia. Mkono wa baba yake ukamshika begani. "Unaenda wapi? Hata hujamsalimia rafiki yako. Leta vikombe."

Rumaisa alimfuata jikoni. "We Anita. Umefanya nini? Nakujua huo uso."

"Koki."

"Koki gani?"

"Ya pampu. Iko wazi. Ilikuwa ya Haron."

Rumaisa alishika ukingo wa sinki. "Wallahi naenda Mombasa," akasema kwa sauti ndogo. "Nitacheza chakacha wiki nzima na shangazi zangu, na wewe utakuwa kwenye lifti peke yako."

"Hauendi popote. Shika hivi vikombe."

Anita akatokea mlango wa nyuma akiwa na kandambili. Kule chini, mbele ya lori lililojaa tope la shamba, Njuguna akavuta swichi, na pampu ikanguruma. Anita hakuwa amewahi kuuchukia mlio wowote kama aliouchukia ule. Alikata kona ya nyumba, akateleza penye udongo uliolowa tangu Njuguna alipounga mabomba, akaanguka kwa magoti, akainuka. Mpini mwekundu ulikuwa umebanwa na msukumo wa maji na ukakataa kumsikiliza. Juu ya kichwa chake kidirisha cha choo kilikuwa wazi.

Kwanza hakukusikika kitu. Akaushika mpini kwa mikono miwili.

Kisha kukasikika mlio kama mvua ya mawe juu ya bati. Kitu kikaanguka ndani. Kitu cha pili kikaanguka, cha kioo. Mlio ukakatika. Na baada yake ikaja sauti ya Bi Zainab, tulivu kabisa, ikisema, "Ala."

Mpini ulizunguka wakati huo, ambapo haukuwa na faida tena. Anita akarudisha kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utundu hakuwa na haraka ya kwenda kuona matokeo. Alichoona ni jukwaa karibu na Adams Arcade, lifti ya maboksi aliyoipaka rangi yeye na Rumaisa, na ndani yake msichana mmoja anaongea na ukuta.

Alipoingia sebuleni, Bi Zainab alikuwa ameshakaa kitini. Buibui lake lilikuwa kavu. Viatu vilikuwa vikavu. Hakukuwa na tone hata moja juu yake, na alikuwa anakunja mikono ya nguo yake taratibu, kama mtu aliyemaliza kukanda unga.

Kuria hakuweza kujizuia. "Mama, maji umeyaonaje?"

"Nimeyaona, Baba Haron. Yana nguvu. Yameua taa."

Uso wa Kuria ulipigana na wenyewe. Aibu ilikuwa upande mmoja na fahari upande wa pili, na fahari ilikuwa karibu kushinda. Debra hakupigana na kitu. Alimtazama Anita moja kwa moja, na Anita akaitazama sahani ya mahamri.

"Mwanangu," Bi Zainab akamwita, "mbona magoti yako yana tope bichi, na leo hakujanyesha?"

"Nimeanguka, Bibi."

"Pole. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Anita akammiminia chai. Bi Zainab akainywa. Akauliza Rumaisa angelala wapi, akaonyeshwa. Akauliza angesali wapi, Rumaisa akamwonyesha pembe waliyoipima kwa dira ya simu. Akauliza watakula nini, na Debra akasema wiki nzima nyama isingeingia jikoni isipokuwa ile ambayo Naeem angeinunua yeye mwenyewe mjini kabla ya safari. Kila jibu Bi Zainab alilipokea kwa kutikisa kichwa, bila kusema ndiyo wala la. Rumaisa alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, mikono kati ya magoti. Haron alikuwa anakula hamri la nne, mtu pekee mwenye raha chumbani.

Kisha Bi Zainab akatazama saa ya ukutani. "Adhuhuri yakaribia, nataka kujisafisha. Anita, mwanangu, nilipotoka niliifunga ile koki ya ukutani. Nenda ukanifungulie, vidole vyangu vyauma."

Anita alisimama haraka sana. Kutumwa ni dalili njema. Mtu akikusudia kumkataa mtoto, hamtumi. Aliingia chooni, gizani kidogo kwa kuwa taa ilikuwa imeuawa, akaona vioo vimefagiliwa pembeni kwa unadhifu na kalenda ya kanisa imerudishwa ukutani. Shatafa ilikuwa imening'inia kwenye ndoano yake. Aliinama, akaishika koki ndogo ya ukutani, akaifungua.

Muda aliopata wa kukiona kile kidude cha pembeni, kimeshika kitufe chini, na kichwa cha shatafa kimegeuzwa kuelekea hasa mahali ambapo mtu anayeinama huweka uso wake, haukumtosha.

Haikuwa nguvu ya pampu. Ilikuwa ya tangi tu, maji mapole aliyoyataka mama yake. Lakini yalikuwa yamelengwa na mtu mwenye uzoefu. Yalimpata kwenye paji la uso, yakaingia kwenye misuko, na alipoinuka yakamfuata kifuani mpaka kiunoni. Mpira ukachomoka kwenye ndoano na kuanza kucheza sakafuni kama nyoka aliyesikia ngoma. Anita aliukanyaga, ukamponyoka, ukamlowesha mgongo pia. Alipoipata koki, hakuwa na sehemu kavu ya kumshukuru Mungu nayo.

Alitoka akichuruzika, akasimama mbele yao wote. Haron aliinua simu ampige picha, Debra akaishusha kwa kidole kimoja.

"Ulijaribu kwanza?" Bi Zainab akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Mimi nilijaribu. Miaka yote hii sijaelekeza mwilini maji ya nyumba nisiyoijua kabla ya kuyapima pembeni. Niliielekeza juu, ikafa taa badala yangu." Akaweka kikombe. "Sasa niambie. Mtego ulikuwa wangu?"

"Hapana, Bibi. Wallahi." Neno lilimtoka lenyewe, alikuwa amelizoea bwenini. "Ulikuwa wa Haron."

"Wangu?" Haron akasema. "Mimi hata situmii hicho kitu."

"Anatumia. Ijumaa alikuwa ndani anasema oya."

Kuria alimgeukia mwanawe kwa macho mapya kabisa. "Haron. Unatumia?"

"Nilikuwa naangalia kama inafanya kazi, Dad."

"Mara mbili," Anita akasema.

Rumaisa alikuwa wa kwanza kushindwa. Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakatikisika, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya bwenini baada ya taa kuzimwa, ambayo hakuna mwalimu wa zamu aliyewahi kuikomesha. Anita alimtazama, akaanza naye, maji yakidondoka kwenye zulia. Bi Zainab aliwaangalia wawili hao kwa muda mrefu kuliko alivyokiangalia choo.

Debra alikuwa ameshasimama. "Mama, naomba msamaha. Huyu mtoto tutazungumza naye. Mtu angeweza kuumia."

"Ni kweli, angeumia," Bi Zainab akasema, na kicheko kikakatika. "Maji ya namna ile yakimkuta mtu amekaa, si kicheko tena. Baba Haron."

"Naam, Mama."

"Ule mpini mwekundu wa koki, niliomwona huyu akihangaika nao chini ya kidirisha, watoka?"

Kuria alikohoa. "Unatoka. Ni skurubu moja."

"Naomba uniletee."

Anita alijua, na mama yake alijua, kwamba baba yake angempa mgeni yeyote kuku, mbuzi, hata kiti chake cha kanisani. Lakini kumpa mtu mpini wa msukumo wa maji yake, hilo halikuwa limewahi kutokea. Kuria alimtazama Anita, misuko imemganda usoni. Alimtazama Rumaisa kwenye ncha ya kochi. Kisha akatoka, na alisikika kule nje akiifungua skurubu, polepole, akinung'unika kwa Kikuyu. Aliporudi aliuweka ule mpini mwekundu kwenye kiganja cha Bi Zainab kwa mikono miwili.

Bi Zainab akautia ndani ya mkoba. "Huu mpini utakwenda Mombasa harusini, na utarudi nami Jumapili ijayo. Mama Haron, kile kichwa uwaoshee kwa sabuni, na mara moja kwa wiki ukiloweke kwenye maji moto yenye siki, maji yenu ya kisima yana chumvi, yataziba matundu."

"Nikishakiloweka, halafu?" Debra akauliza, kwa kuwa alitaka lisemwe.

"Rumaisa atakikuta safi wiki nzima akiwa hapa. Kule Mombasa wiki ya harusi kuna wanawake arobaini na choo kimoja. Na tangu babu yake afe sijamsikia akicheka hivi." Akainuka. "Haya, sasa nipisheni nikajisafishe kweli."

Akaingia chooni, akakaa humo kitambo, akatoka akasali kwenye ile pembe. Rumaisa na Anita walikuwa jikoni wamekumbatiana, mmoja mkavu, mmoja mbichi, hata ikawa hakuna tofauti.

Saa sita na kitu walimsindikiza Bi Zainab mpaka kwenye pikapu, ila Haron, ambaye chai yake ilikuwa imengoja vya kutosha. Alionekana akielekea chooni, simu mkononi, hana haja ya kujificha tena.

Bi Zainab alikuwa anafunga mkanda Anita alipokumbuka kitu.

"Bibi. Kile kidude cha pembeni. Ulipomaliza ulikiachilia?"

"Kidude gani, mwanangu?"

Kutoka kwenye kidirisha cha nyuma ya nyumba ukaja ukelele mmoja mrefu, kisha mlio wa simu ikianguka mahali penye maji, kisha jina la Anita likitajwa lote, la ubatizo na la nyumbani.

Bi Zainab alinyoosha buibui lake magotini na kumgusa Naeem begani ili aondoe gari. "Una wiki nzima na kaka yako," akamwambia Anita kupitia dirishani. "Mfundishe kujaribu kwanza."